UZI: Bibi yangu Mwalimu wa Mombo, na ile herufi M

#1 Mjukuu wa Mwalimu

Habari zenu wana jamvi, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuahirisha wiki tatu, kila nikikaa kuandika machozi yanatangulia, leo nimejikaza. Bibi yangu mzaa mama amefariki akiwa na miaka 78. Kwa mliokulia Mombo, Mazinde, Soni na huko mpaka Korogwe sina haja ya kutaja jina, nikisema Mwalimu mshamjua. Walimu pale ni wengi ila ukishuka stendi ukamwambia bodaboda nipeleke kwa Mwalimu hakuulizi mwalimu yupi, anawasha tu.

Alifariki alfajiri na tukamzika siku ile ile baada ya alasiri kama ilivyo kwetu Waislamu, sasa watu wengi sana aliowafundisha hawakuwahi. Nimepigiwa simu na watu wako Mwanza, Songea, Mtwara, mmoja yuko Muscat alilia dakika nzima akakata na jina hakunitajia. Ndo maana nimefungua uzi, aliyepita mikononi kwake aandike hapa chochote anachokumbuka, kizuri au kibaya, nitavichapa vyote niwasomee wadogo zangu.

Naanza mimi na jambo ambalo halinitoki kichwani.

Mimi ni mwanamke kwahiyo makaburini sikwenda, nilibaki nyumbani na wamama, nikapewa kazi ya kushika daftari la rambirambi. Siku ya kwanza niliandika mwenyewe majina yote, Mama fulani elfu mbili, Mzee fulani elfu tano, fulani mchele kilo tano na mafuta lita moja. Siku ya tatu baada ya kisomo watu walikuwa wengi mno mkono ukaniuma, nikaweka daftari mezani na kalamu nikasema kila mtu ajiandike. Usiku wageni wamelala nimekaa na mama mdogo tunajumlisha hela, nikaanza kuona kitu nikadhani ni usingizi. Herufi M. Unajua majina ya msibani yote yanaanza na M, Mama, Mzee, Mwalimu, Mjomba, sasa kila M kwenye zile kurasa ilikuwa imeandikwa na mkono mmoja. Inaanzia kushoto na kijimkia kilichojikunja kama ndoano, inapanda mlima mrefu, inashuka, inapanda mlima wa pili mfupi kidogo, alafu mkia wa mwisho unapita chini ya mstari ndo unarudi juu kuikumbatia herufi inayofuata.

Nikamwuliza mama mdogo hizi kurasa nani kaziandika, akasema kila mtu kajiandikia. Tukaanza kupitia mmoja mmoja. Muuza nyanya wa sokoni, M ile ile. Mwenyekiti wa kitongoji, M ile ile. Fundi baiskeli, bwana mifugo mstaafu, mzee mmoja aliyekata mkonge maisha yake yote na vidole viwili havipo, dada wa duka la dawa, imamu, mama wa kanisani aliyeleta sufuria zetu zilizokuwa kwake. Nikachukua kalamu nikaandika Mombo pembeni ya daftari nikaiangalia. Ile ile.

Miaka yote nilikuwa najua Bibi kafundisha watu wengi, sikuwahi kuiona kwa macho namna ile. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Naendelea chini, nisubirini.

#2 Binti Soni

Pole sana dada. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Na mimi nimechukua karatasi hapa nimeandika M kujaribu, mwili umenisisimka. Endelea, ntarudi nina ya kwangu kuhusu mama.

#3 Mjukuu wa Mwalimu

Asanteni kwa pole. Naendelea.

Bibi kazaliwa milimani upande wa Soni mwaka 1946. Wasichana waliofika darasa la nane kijijini kwao enzi hizo ulikuwa unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Baba yake alikuwa analima kahawa kidogo na alitaka aolewe, mama yake ndo aliyegoma. Akasoma ualimu miaka miwili akatoka na Daraja C, na Januari 1966 akapangiwa Mombo, akashuka na sanduku la bati kwenye joto ambalo alikuwa halijui, alituambia wiki ya kwanza alikuwa analala sakafuni ili apate ubaridi wa saruji. Mwaka huo huo katikati ndo zilitoka shilingi za Tanzania, kabla yake walikuwa wanatumia za Afrika Mashariki, na katika mshahara wake wa kwanza wa hela mpya alitoa noti moja ya shilingi 5 hakuitumia mpaka anakufa, tumeikuta kwenye Msahafu wake imenyooka kama imetoka benki jana.

Msioijua Mombo niwaeleze kidogo. Ni kimji cha barabarani, basi za Dar kwenda Moshi na Arusha zinapita hapo, ukikata kulia unapanda Lushoto kama kilomita 33 za kona. Milima ya Usambara imesimama juu ya mji kama ukuta. Huku chini kulikuwa na mkonge, macho yako yanachoka mkonge hauishi. Wakata mkonge wengi hawakuwa watu wa pale, waliletwa tangu enzi za Mwingereza kutoka Kigoma, Songea, Iringa, wengine Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Watoto wao ndo walikuwa wanajaa darasani kwa Bibi, mmoja anaongea Kiha, mwingine Kimakonde, mwingine Kibena, Kiswahili wanaokotea njiani.

Na mji ulikuwa unawadharau, tuseme ukweli. Mtoto anaitwa tu "wewe wa manamba". Bibi hilo neno darasani alilipiga marufuku. Jumamosi alikuwa anachukua baiskeli ya Babu (Babu alikuwa mtu wa reli pale stesheni) anaenda kambini nyumba kwa nyumba na rejista, anamuuliza mama wa mtoto, huyu jina lake kwenu mnalitamkaje, lina maana gani, nirudie tena polepole, ndo analiandika. Kwa sababu makarani walikuwa wanaandika walivyosikia, mtoto wa Kiha anaandikiwa jina la Kisambaa hata baba yake halijui. Alisema mtu akishapewa namba babu yake, angalau mjukuu apewe jina lililonyooka.

Sasa kwanini M. Wenzake walikuwa wanaanza na A au zile irabu a e i o u, yeye siku ya kwanza kabisa anafungua dirisha anasema angalieni nje, mnaona nini? Watoto wanasema milima. Anachora ubaoni, mlima mrefu, mlima mfupi, kama ulivyo pale ukisimama lile darasa. Hiyo ndo M. Alafu anaandika mama, maji, Mombo, mkonge. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli anarudi kambini siku hiyo hiyo anajua kuandika mama kwa kijiti kwenye mchanga. Kwahiyo ule mlima wa pili kuwa mfupi sio pambo, ni ule mlima wenyewe. Nimeusimamia juzi pale dirishani nikaufuatisha kwa kidole.

#4 Dereva Mstaafu

Pole mjukuu. Mimi nimeendesha mabasi na malori miaka 31 njia hii ya kaskazini na nataka niseme wazi leseni yangu ya kwanza ni Mwalimu aliyenipa, maana nilikuwa mtoto wa stendi sina baba, nauza mayai ya kuchemsha na machungwa kwenye madirisha ya basi, shule siendi, nikimuona namkimbia kwa sababu alikuwa anajua naendaga kujificha nyuma ya choo cha stendi. Siku moja akanikamata hakunipiga, akaniambia leo sikupeleki shule tutasomea hapa hapa. Likaja basi akasema hii ya kwanza inaitwaje, nikasema ni M, akasema hapana hii ni T inafanana na mti wa msalaba, Tanga, tena angalia mwisho ina A. Ikaja ingine. Akawa anakuja kila siku saa tisa akitoka kazini anakaa kwenye benchi la muuza kahawa nusu saa, mimi nasomea ubavu wa mabasi, Tanga, Arusha, Moshi, Same, na yale maandishi ya nyuma kwenye kioo. Miezi kama mitatu nikawa nawasomea abiria wazee wasiojua basi lao, wananipa senti. Nikaona kumbe kusoma kuna hela, ndo nikaenda shule mwenyewe kwa miguu yangu, nilianza la kwanza nina miaka 11 naona aibu kwa urefu wangu akaniweka dawati la nyuma akaniambia wewe ndo msaidizi wangu.

Mpaka nastaafu sijawahi kupita Mombo bila kupiga honi mara mbili nikikaribia kwake, hata usiku wa manane, najua alikuwa anasikia maana aliniambia. Mwanangu anaendesha njia hiyo hiyo saivi. Nimemwambia aendelee kupiga.

#5 Binti Soni

Nimerudi kama nilivyoahidi. Jina langu linasema Soni ila tulikaa Mombo mpaka nikaolewa. Mimi hakunifundisha, alimfundisha mama yangu.

Wakubwa mnakumbuka elimu ya watu wazima, Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na baadae kila kijiji watu wanasoma jioni, na 1975 mwezi wa nane ukafanyika mtihani wa nchi nzima. Darasa la kina mama la Mombo lilikuwa chini ya mwembe saa kumi jioni, mtu anakuja na mtoto mgongoni na kuni kabisa. Mwalimu alikuwa anatoka kufundisha watoto asubuhi mpaka mchana, anakula, anakuja mwembeni. Hawakuwa na vitabu vya kutosha kwahiyo akawaambia kila mmoja asome kanga aliyovaa. Siku yako ikifika unasimama, mwenzio anakusomea ya nyuma, wewe unasoma ya kwake.

Mama yangu alikuwa na pea moja aliyoipenda kuliko zote, nyekundu yenye korosho pembeni, kaletewa na wifi yake kutoka Tanga mjini mwaka alioolewa. Ameivaa miaka mitatu, harusini anavaa hiyo, kwa wakwe anavaa hiyo, anajifunga kabisa mbele ya huyo wifi anamwambia asante wifi yangu. Akaivua begani siku hiyo akaitandaza kwenye majani, akaanza silabi kwa silabi, ni-li-ku-dha-ni, dha-ha-bu, ku-mbe, a-dha-bu. Akarudia tena mara ya pili kwa haraka ndo maneno yakaungana.

NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Mama anasema hakuna aliyepumua pale. Na kilichomuuma zaidi sio wifi, ni kwamba mjini waliojua kusoma walikuwepo miaka yote mitatu, wakamwacha apite nayo. Kuna mmoja alianza kucheka, Mwalimu akamwangalia tu akanyamaza. Akamwambia mama, umesoma vizuri, hukukosea hata silabi moja, kaa chini. Darasa likaendelea. Walipotawanyika akamsindikiza mpaka nyumbani na kuni zake akazibeba yeye, njia nzima hawakuongea kitu.

Mama aliifua ile kanga, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja, akampelekea wifi yake akamwambia asante wifi, nimeisoma. Basi. Hakuongeza neno. Na mtihani wa Agosti akafaulu mpaka hatua ya nne, cheti chake kipo sebuleni kwetu kwenye fremu mpaka leo na vya kwetu sisi watoto vimewekwa chini yake, hataki viwe juu. Nilipompigia simu kumwambia Mwalimu kafariki alikaa kimya akaniambia yule ndo aliyenivua kanga nikaona nilivyokuwa nimevaa.

#6 Mwalimu wa UPE

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimesoma nimeona nisipite kimya. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1976. Wakati huo serikali ilikuwa imeshaamua, kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Watoto wakajaa, walimu hawakuwepo. Ndipo wakatuchukua sisi vijana tuliomaliza la saba, tukaanza kufundisha huku tunajifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio na kwa kusimamiwa na walimu wazoefu. Watu walitucheka sana, waliita "walimu wa UPE" (yaani elimu ya msingi kwa wote) kama vile ni tusi. Nilikuwa na miaka 17 na ndevu hazijaota, wanafunzi wengine walikuwa wakubwa kunizidi.

Aliyepewa kunisimamia ni yeye. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya watoto 70 nikasahau kila kitu. Akapita nyuma kimya, akachukua chaki, akaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wake ule, akanirudishia chaki, akatoka. Nikaona ile tarehe, nikapata pa kuanzia. Kila siku kwa mwaka mzima alikuwa ananiandikia tarehe. Usiku nilikwenda kwake, mume wake anasikiliza redio, sisi tunapitia masomo yangu kwenye kibatari kimoja na watoto wake.

Baada ya vita vya Kagera mambo yakawa magumu mnakumbuka, sabuni hakuna, chaki hakuna, unga wa njano tuliouita yanga ndio chakula. Alitufundisha kuukolezea ubao weusi kwa makaa ya betri za redio zilizokwisha, unatwanga na majani ya viazi, unapaka. Chaki moja alikuwa anaikata vipande vinne, viwili vyake viwili vyangu. Sikumwona hata siku moja akimwacha mwenzake aingie darasani hana chaki wakati yeye anayo.

Nimefundisha miaka 38. Kila darasa niliandika tarehe kwanza.

#7 Mtoto wa Kambini

Mleta uzi umesema kizuri au kibaya. Mimi nina kibaya.

Nilianza kwake la kwanza 1971. Nilikuwa shoto. Alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kwenye kiuno nisiutumie. Sio siku moja. Wiki kadhaa. Watoto wananicheka nikienda kukojoa nahangaika na kaptula. Nikijisahau nikashika penseli kushoto napigwa fimbo ya vidole. Nyumbani baba akaambiwa, na yeye akaniongezea.

Hiyo M yenu naandika mpaka leo kwa mkono wa kulia. Nimesoma mpaka nikapata kazi nzuri siwezi kusema hakunisaidia. Ila nilipopata habari za msiba nilikuwa Korogwe, ni karibu tu, na sikuja. Nilikaa kwenye gari nikageuza.

#8 Dereva Mstaafu

Ndugu yangu marehemu hasemwi vibaya, na zama zile kila mwalimu alikuwa anafanya hivyo, shoto ilionekana ni kukosa adabu.

#9 Mjukuu wa Mwalimu

Mzee wangu Dereva nakuheshimu sana lakini mwacheni aseme, nimeomba mwenyewe na nilimaanisha.

Kaka wa Kambini, shikamoo. Sitaki kumtetea Bibi. Nataka nikueleze kitu nilichokiona kwa macho alafu wewe ndo utajua.

Mama yangu alifariki 1996, na mwaka unaofuata mama mkubwa, ule ugonjwa wa miaka ile, na Babu alikuwa ameshatangulia tangu 1988. Bibi akabaki na wajukuu watano kwenye vyumba viwili, mkubwa mimi nina miaka sita, mdogo kabisa hajaanza kutembea. Mkonge nao ulikuwa umeanguka. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, mwisho wa miaka ya tisini haikuwa inafika hata 30,000, kamba za nailoni zimejaa duniani, korona (zile mashine za kusindika mkonge) zimezima, kambi zimebaki na wazee. Mombo haikuwa na hela. Mshahara wake ukichelewa anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi tunauza stendi kabla ya shule, na yale magazeti ya kufungia maandazi sheria yake ilikuwa soma kwanza ndo ufunge. Mteja anasubiri wewe bado uko na habari za bunge. Usiku tukishakula anatupanga kwa umri kwenye mkeka, kibatari katikati, anakagua madaftari matano na huku kanyonyesha mtoto chupa. Asubuhi onga makeo kwa Kisambaa mpaka tukifika geti la shule, tukivuka geti ni shikamoo mwalimu, na ole wako umwite Bibi darasani.

Yule mdogo kabisa ni shoto. Akaanza kushika penseli kushoto, mimi nikaenda haraka kumbadilisha kama tulivyobadilishwa wengine, Bibi akaniambia mwache. Kula alimtaka ale kulia, kuandika akamwacha. Nikaona ni upendeleo, sisi wengine hata tukikosea mstari tunapata, huyu anaachwa. Hii ilikuwa 2002 ada za shule za msingi zimefutwa, darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 100, alikuwa anarudi kachoka sauti imekwisha. Nikamwuliza kwanini. Kwanza hakujibu. Baadae tuko jikoni akaniambia, kuna mtoto wa kambini nilimfunga mkono. Alikuwa anachora ndege kwa mkono wa kushoto, anachora mpaka unaona anaruka. Nilivyomfunga alijua kuandika vizuri kuliko wote, ila kuchora hakuchora tena, na mimi sikumuuliza. Hakusema jina, ila alisema kila akiona mtoto shoto anamuona yule, na tangu mwaka ule hakumfunga mwingine.

Sijui kama ni wewe. Mlikuwa wengi na yeye alifundisha miaka 40, mpaka 2006. Nilitaka tu ujue alikuwa nalo.

Baada ya kustaafu ofisi moja ilimzungusha na mafao miezi 14, anapanda basi kwenda Dar na bahasha, anaambiwa rudi wiki ijayo faili halionekani, na bado akirudi anakaa kibarazani na watoto wa mtaani wanaosoma bure. Mpaka mwezi wa mwisho macho hayaoni vizuri, mtoto akiandika kwenye daftari anamshika mkono juu ya mkono wake anausikiliza unavyokwenda, anamwambia hapo mlima wa pili umeufanya mrefu mno.

#10 Mtoto wa Kambini

Walikuwa yangeyange.

Nilikuwa nachora kwa mkaa ukuta wa nyuma wa stoo ya shule. Wanawafuata ng'ombe. Siku moja alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu hakusema kitu, nikadhani atanipiga, akaondoka. Kitambaa ilikuwa baada ya hapo.

Mke wangu hajui kama nilikuwa nachora. Watoto wangu hawajui.

Arobaini ni lini?

#11 Mjukuu wa Mwalimu

Nimeshindwa kuandika kwa muda, samahani.

Ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo, kisomo baada ya adhuhuri, chakula kipo. Usisumbuke kuulizia, mdogo wangu atakupokea stendi, yule shoto. Daftari bado liko mezani, zimebaki kurasa kama kumi na moja hazijaandikwa. Jina lako utaandika mwenyewe, kwa mkono unaoutaka. Na ule ukuta wa stoo bado upo, nimepita leo jioni kuuangalia, wameupaka chokaa nyeupe mwaka huu.